Jino Linauma: Tulitulize Nyumbani au Tulikimbize Bungoma?

NYANYA MKULIMA: Mnaosema mtu wa Bumula akiumwa na jino aende hospitali moja kwa moja, hamjashikwa na jino saa nane za usiku mvua ya Aprili ikimwagika. Njia ya kutoka kwangu hadi lami ni tope la kumeza gambuti. Zahanati imefungwa, na hata ikifunguliwa asubuhi haina kiti cha meno. Nitapewa tembe za maumivu na barua ya kunipeleka Bungoma mjini. Kati ya saa nane na kupambazuka mnataka nifanye nini, nihesabu misumari ya mabati? Nina chumvi jikoni na karafuu kwenye kopo la majani chai. Naanza na hizo, na kosa langu silioni.

AFISA WA AFYA YA MENO: Kukhu, usiku huo sigombani nao. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua, tema. Pitisha uzi safi taratibu kati ya meno, maana mara nyingine kinachosumbua ni kipande cha nyama au uzi wa muwa uliokwama. Meza dawa ya maumivu, inua kichwa kwa mito miwili, kwa kuwa ukilala bapa damu inajaa kichwani na jino linadunda zaidi. Hata mimi ningefanya hayo hayo. Ninachogombana nacho ni asubuhi yake. Ukimhoji vizuri mgonjwa anayesema "limeanza juzi", unakuta liliuma wakati wa kupalilia mahindi, likatulia, likarudi wakati wa kuvuna, likatulia tena. Kila lilipotulia alisema limepona. Likifika kwangu limebaki ganda. Pale ambapo ningeziba, nang'oa.

NYANYA MKULIMA: Basi umekubali kwamba dawa yangu inatuliza.

AFISA WA AFYA YA MENO: Inatuliza. Haitibu.

BODA BODA: Nyinyi mnabishana juu ya chumvi na mimi hesabu yangu iko kwingine. Siku ninayokwenda Bungoma ni siku ambayo sijabeba abiria. Pikipiki ni ya mkopo, na anayenidai hataki kusikia habari za jino. Nikifika napanga foleni, nikiambiwa nirudi wiki ijayo nimepoteza siku mbili. Kung'oa nitamudu. Hilo la kusafisha mzizi na kuliokoa jino, bei yake wanaitaja kwa maelfu. Kwa hiyo nasimama kwenye duka la dawa, namwambia mwenye duka "nipe ya jino", narudi barabarani.

MWENYE DUKA LA DAWA: Na ndivyo wanavyokuja wote, jioni, mkono shavuni. Hataki kuulizwa, anataka kile kidonge cha rangi mbili alichopewa shemeji yake. Mimi nikipata nafasi ya kusema, nasema hivi: mtu mzima asiye na tatizo la ini, parasetamoli ya miligramu 500, mbili kila baada ya saa sita, zisipite nane kwa siku. Kama hana vidonda vya tumbo, hana shida ya figo, pumu yake haichochewi na dawa hizi na si mjamzito, ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, isizidi mara tatu kwa siku. Hizo mbili zinaweza kutumika pamoja, kila moja inafanya kazi mahali pake. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaoweka dawa za jamii ya ibuprofeni, peke yake au pamoja na parasetamoli, mbele ya zile dawa kali za jamii ya afyuni kwa maumivu ya jino. Bei yake ni ya mtu wa kawaida. Lakini mteja akisikia "parasetamoli" ananiona sina dawa.

AFISA WA AFYA YA MENO: Kwa hiyo unampa cha rangi mbili.

MWENYE DUKA LA DAWA: Nikimnyima atavuka barabara. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, naijua, na leseni yangu imetundikwa ukutani. Wewe ungempa nini saa moja jioni, shavu limevimba?

AFISA WA AFYA YA MENO: Umeniuliza vizuri, kwa sababu umetaja uvimbe. Uvimbe ni habari nyingine, na yule ningemtaka hospitali, dawa au bila dawa. Ninayemlalamikia ni yule asiye na uvimbe wala homa, ana shimo tu linalouma, naye amekunywa amoksilini, antibiotiki ile ya rangi mbili, mara nne mwaka huu. Kiini cha jino, yaani ile nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, kimefungiwa ndani ya chumba kigumu. Kikishaoza hakina damu inayopita, na dawa unayoimeza husafiri kwa damu. Itafikaje? Inazunguka mwili mzima, inavifundisha vijidudu vya tumboni ukaidi, na kule kwenye shimo hakuna kilichobadilika. Halafu siku mtoto wako anaugua nimonia, ile dawa ndiyo tunayoitegemea.

BODA BODA: Lakini nikiimeza maumivu yanaisha.

AFISA WA AFYA YA MENO: Yanaisha siku ya ngapi?

BODA BODA: Ya tatu, ya nne.

AFISA WA AFYA YA MENO: Hata ungekunywa maji matupu, huenda yangeisha siku hizo hizo. Sikiliza jinsi inavyokwenda. Mwanzoni jino linashtuka kwa maji baridi au kwa sukari, ukiondoa maji linatulia papo hapo. Hilo bado linaokolewa kwa kuziba tu. Baadaye linaamka lenyewe usiku bila kuchokozwa, na ukinywa chai ya moto linauma dakika kadhaa. Hapo kiini kinawaka na kuvimba, nacho hakina pa kuvimbia. Ndiyo maana maumivu yale hayafanani na ya kidonda cha mguu. Kisha kiini kinakufa, na kilichokufa hakisikii uchungu. Siku hiyo ndiyo mnayoniambia "dawa imefanya kazi". Vijidudu vinashuka hadi ncha ya mzizi, vinaanza kula mfupa wa taya bila kelele, na baada ya miezi unaona kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha. Jino linalouma bado linakupa taarifa. Nikimwona mtu ambaye jino lilikuwa linamuuma wiki mbili na leo halimuumi, huyo ndiye anayenitia wasiwasi.

(Niingilie mara moja tu kama mwandishi: hili la kimya cha jino nimeona limewanyamazisha waliokuwepo kuliko hoja nyingine yoyote. Nyanya peke yake ndiye ambaye hakutikisika.)

NYANYA MKULIMA: Umesema vizuri, mwanangu, lakini umesema kama mtu ambaye siku zote yupo. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 14 Machi hadi 8 Mei, madaktari wa serikali nchi nzima walikuwa kwenye mgomo, na wa meno wako chama kimoja nao. Siku 56. Jino langu lingeambiwa lisubiri mazungumzo ya mshahara? Dawa zangu hazijawahi kugoma. Kuna kile kiua kidogo cha manjano kisicho na petali, kinaota kwenye unyevu kando ya kijito. Ukikichuma na kukitafuna upande wa jino, ulimi unakufa ganzi, mate yanamwagika, baada ya muda kidogo huhisi kitu. Kuna gome la shikuma. Mama yangu alitupa hayo, na alikufa na meno mdomoni.

AFISA WA AFYA YA MENO: Sikukatalii hata moja. Kile kiua kina kemikali iitwayo spilantholi, na kweli inatia ganzi. Shikuma ni jamaa ya mjafari, miti ambayo watu wa mabara kadhaa waliitafuna kwa ajili ya meno. Na karafuu yako ndiyo yenye heshima kubwa kuliko zote. Mafuta yake yana yujenoli. Sisi tunayachanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda, na dawa hiyo ya kuziba imekuwa kwenye vyumba vya meno tangu karne ya 19. Ukisikia harufu unapoingia kliniki ya meno, mara nyingi ni harufu ya karafuu.

NYANYA MKULIMA: Kumbe iko kwenye kabati lako! Zanzibar wanaivuna, Pemba wanaikamua mafuta, daktari anaitia chupani, halafu mimi nikiitoa kwenye kopo la chai naambiwa nachelewesha matibabu.

AFISA WA AFYA YA MENO: Iko kabatini, Kukhu, lakini nimeshachimbua uozo kabla ya kuitia. Hapo ndipo tunapoachana. Tena ina namna yake. Karafuu nzima moja, iweke karibu na jino, iume taratibu ilainike, itoe baada ya muda. Ukiwa na mafuta, chovya pamba ndogo, ikamue, gusisha kwenye shimo tu, usiipake ufizi, maana yanachoma. Na chupa ya mafuta hayo isikae mahali mtoto anafika. Kijiko kimoja au viwili vinaweza kumharibu mtoto mdogo ini. Watu wakisikia "ya asili" wanadhani haina meno.

MHUDUMU WA AFYA YA JAMII: Nilikuwa nangoja mfike hapo. Mnazungumza juu ya chumvi na karafuu kana kwamba ndizo zinazotumika. Mimi natembea nyumba kwa nyumba. Nimekuta tembe ya aspirini imebanwa kwenye ufizi usiku kucha, asubuhi ufizi mweupe, umeungua. Nimekuta kitunguu saumu kilichofungwa shavuni hadi ngozi ya ndani ikababuka. Ugoro umeshindiliwa kwenye shimo. Chang'aa inasukutuliwa, halafu inamezwa, halafu inaongezwa nyingine ya kumeza tu. Kuna anayedondoshea mafuta ya taa. Na nimesikia kwa masikio yangu kijana akishauriwa atie maji ya betri ili "aue mshipa". Maji ya betri ni asidi ya salfuriki! Hiyo nayo inaitwa dawa ya nyumbani. Ukisema "tulizeni nyumbani", nani anachora mstari?

NYANYA MKULIMA: Mstari tulikuwa nao. Bibi aliyekujua ndiye aliyekupa dawa, na akiona shavu limevimba alikuambia limemshinda. Siku hizi anayekushauri ni mtu aliyekaa nawe kwenye kibanda cha busaa.

BODA BODA: Na mdudu je? Kuna mzee alimfukizia jirani yetu moshi wa mbegu, mdudu akaanguka kwenye bakuli la maji. Mweupe. Nilimwona.

AFISA WA AFYA YA MENO: Uliona kitu cheupe. Ulaya nako walifukiza mbegu kwa karne nyingi na kuonyesha wadudu hao hao. Vilikuwa viini vya mbegu vilivyopasuka kwa joto. Pierre Fauchard, Mfaransa ambaye wengi humwita baba wa udaktari wa meno, aliwatafuta wadudu wale kwa hadubini na katika kitabu chake cha 1728 akaandika kwamba hakuwaona. Kinachotoboa jino ni asidi inayotengenezwa na bakteria wanapokula sukari yako. Mmarekani W. D. Miller alilieleza hilo vizuri mwaka 1890.

NYANYA MKULIMA: Sukari! Tumekula miwa hapa kabla Nzoia Sugar haijaanzishwa mwaka 1975, na meno yetu yalikuwa ya kupasua mifupa.

AFISA WA AFYA YA MENO: Muwa ulikuwa wa mara moja moja. Leo ni chai ya sukari asubuhi, andazi saa nne, soda mchana, biskuti mtoto asilie. Jino halipati saa ya kupumzika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta karibu thuluthi moja ya watu wazima Kenya wana meno yaliyooza. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

MHUDUMU WA AFYA YA JAMII: Mimi nina swali la leo. Septemba 2023 serikali ilituzindua, zaidi ya watu laki moja nchi nzima, tukapewa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari, mizani, kipimajoto. Mtu akiniita kwa jino, ninachoweza ni kumwandikia rufaa ya kwenda mahali ambako nauli itamshinda. Kwani jino haliwezi kuzibwa kwenye zahanati? Lazima liwe kiti cha umeme na mashine ya kupiga kelele?

AFISA WA AFYA YA MENO: Si lazima. Na dawa ya hilo ilianzia karibu na hapa. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania, daktari Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikabiliana na tatizo hili hili: vijiji bila umeme. Wakaanza kuchokora uozo kwa vifaa vya mkono tu, kisha wanaziba kwa simiti maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floridi kidogo kidogo. Mgonjwa analala juu ya meza ya kawaida au benchi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo ikasambaa ulimwenguni, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka simiti ile kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na maji ya fedha na floridi yanayopakwa kusimamisha uozo.

NYANYA MKULIMA: Miaka 40. Imevuka bahari, imefika kwenye orodha ya dunia, na zahanati yangu haijaiona. Halafu ninayechelewesha matibabu ni mimi?

(Hapa Afisa alichukua muda kujibu. Sitamjazia.)

AFISA WA AFYA YA MENO: Ni haki yako kuniuliza. Afya iligatuliwa mwaka 2013. Nani aajiriwe na nini kinunuliwe ni uamuzi wa kaunti. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kinafundisha maafisa wa afya ya meno, kazi hii ni yao. Wakiajiriwa watano nitafurahi. Hawajaajiriwa. Lakini hata lawama hiyo ikiwa sahihi kabisa, Kukhu, jino halisubiri bajeti.

BODA BODA: Na mimi sisubiri jino. Ndiyo maana nataka ling'olewe, tumalize. Kuziba kutanirudisha Bungoma mara tatu.

MWENYE DUKA LA DAWA: Unaona? Huyu ana miaka ishirini na kitu. Aking'oa gego leo, la juu lililokuwa likikutana nalo litaanza kushuka, ya jirani yatalala upande. Akifika miaka 50 atakuwa anatafunia upande mmoja.

BODA BODA: Nikifika miaka 50 nitakuwa nimemaliza mkopo.

NYANYA MKULIMA: Mwacheni kijana. Amesema ukweli ambao nyote mnauzunguka. Anayeweza kulala bila maumivu usiku wa leo hawezi kukopa usingizi kwa jino la miaka 30 ijayo.

AFISA WA AFYA YA MENO: Basi nishushe madai yangu. Siombi mtu aache chumvi, wala karafuu, wala kile kiua. Naomba tarehe. Siku ile ile anayoanza kutuliza, achague siku ya kwenda, ndani ya wiki hiyo, na asiifute kwa sababu limeacha kuuma.

NYANYA MKULIMA: Na mimi naomba tarehe. Chanjo ya watoto ikija tunatangaziwa kanisani na msikitini, na gari linapita na kipaza sauti. Tangazeni siku ya meno vivyo hivyo, mara moja kwa mwezi, hapa hapa Bumula, mje na hivyo vifaa vya mkono. Mkileta tarehe yenu, yangu mtaipata. Msipoleta, siahidi.

MHUDUMU WA AFYA YA JAMII: Hilo nitalipeleka kwenye kikao cha kamati ya zahanati. Lakini kuna jambo ambalo halingoji kikao, na nalisema kila nyumba ninayoingia. Uvimbe ukipanda kuelekea jichoni au ukishuka shingoni. Mdomo ukikataa kufunguka upana wa vidole viwili. Mate yakishindwa kumezwa. Homa ikija na baridi. Au mtu akianza kuvuta pumzi kwa shida, hapo hakuna chumvi wala karafuu, na usimkande kwa maji moto. Mjerumani Wilhelm von Ludwig aliueleza uvimbe huo wa shingoni na chini ya ulimi mwaka 1836, na mpaka leo mara nyingi unaanzia kwenye gego la chini lililooza. Unaweza kuziba koo kwa saa chache. Mwamsheni boda, mpelekeni hospitali usiku ule ule.